Acha hiyo pesa ya jeki mfukoni

SWALI: Mukubwa, jambo. Mimi ni fundi wa kusude, kuunganisha vyuma kwa moto, pale Kadutu, Bukavu. Dada yangu anatengeneza sabuni na anataka visanduku vidogo vya kuifungia, lakini emprimeri, viwanda vya kuchapa, zinamtaka aagize vingi kuliko uwezo wake. Nimemuundia mashine: bamba mbili nene za chuma, jeki ya lori chini yake, na visu nilivyonoa kutoka misumeno ya chuma. Upande mmoja inakata vizuri, upande wa pili inaacha. Na pale pa kukunja, kartoni inapasuka na rangi inabanduka. Je, ninunue jeki kubwa zaidi? Tena, nani alibuni mashine hizi? Nikifaulu, nitafanyaje mtu asiniibie wazo?

JIBU: Mdogo wangu, jambo. Jeki usinunue. Kartoni yako haipasuki kwa kukosa nguvu; inapasuka kwa sababu nguvu ni nyingi na haina pa kuingia. Na kisu kinachoacha upande mmoja hakiombi tani zaidi, kinaomba vipande viwili vitatu vya karatasi nyembamba. Nitafika huko.

Nianze na swali lako la katikati, maana ndani yake mna nusu ya jibu. Aliyetuletea kisanduku cha kukunja hakuwa mhandisi. Robert Gair alizaliwa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1839, akavuka bahari kwenda New York akiwa na miaka 14, na baadaye akafungua biashara ya karatasi na mifuko. Siku hizo visanduku vilikuwa kazi ya mkono: unapiga mistari ya kukunja kwanza, halafu unarudi kukata, kisha unakata pembe, kila hatua peke yake. Mwaka 1879, katika kiwanda chake, mfanyakazi alikuwa akichapa mifuko ya mbegu. Kipande cha chuma kilichotakiwa kuacha alama ya kukunja kikawa kimekaa juu kuliko inavyopasa, na kikakata mifuko maelfu kabla mtu hajastuka. Hasara tupu. Bosi mwingine angemfukuza mtu kazi na kutupa takataka. Gair alitazama zile takataka akaona kitu: chuma kilekile, kikiwa kirefu kinakata, kikiwa kifupi kidogo kinakunja. Basi ukivipanga vyuma vya vimo viwili katika ubao mmoja, pigo moja linakata na kukunja kwa pamoja.

Hakuunda mashine mpya. Alichukua mashine kuukuu ya kuchapishia, akaondoa mambo ya wino, akapanga vyuma vyake. Ikawa inapiga karatasi 750 kwa saa, na kila karatasi ikitoa visanduku kumi, yaani 7,500 kwa saa. Miaka ya mwisho ya karne ile kampuni la biskuti la Marekani, National Biscuit, lilianza kuuza biskuti zake za Uneeda ndani ya visanduku vya kukunja badala ya kuzipima kutoka kwenye mapipa, na tangu hapo hakuna aliyerudi nyuma.

Kwa hiyo siri ni vimo, wala si tani. Sasa tupime vya kwako.

Wanaofanya kazi hii hutumia utepe wa chuma unaosimama ndani ya ubao wa tripleksi, ule wa tabaka zilizogundishwa, wa milimita 18. Utepe wa kukata una makali na kimo chake cha kawaida ni milimita 23.8. Utepe wa kukunjia hauna makali, kichwa chake ni cha duara, na kimo chake ni kile cha kisu ukitoa unene wa kartoni. Kartoni ya dada yako ikiwa na unene wa milimita 0.4, utepe wa kukunjia uwe 23.4. Nahisi wewe umetumia msumeno uleule kwa kazi zote mbili, huu umeunoa, ule umeuacha butu, lakini vimo vyao ni sawa. Hapo hukunji, unakata nusu. Nyuzi za juu zimekatika tayari kabla hujakunja, na ukikunja, rangi inafunguka kama ganda la yai.

Hata ukirekebisha kimo, kuna jambo la pili ambalo wengi hawalioni kwa sababu limejificha chini. Utepe wa kukunjia ukishuka juu ya bamba tambarare, kartoni inapondwa tu. Inatakiwa chini yake pawe na mfereji, ili kartoni isukumwe ndani na kuacha nundu ndogo upande wa nyuma. Kartoni ni tabaka juu ya tabaka. Ndani ya ule mfereji tabaka zinaachana bila kukatika, na hizo tabaka zilizoachana ndizo bawaba yako. Bawaba hiyo ina upande: nundu iwe ndani ya kisanduku, na ile alama iliyobonyea iwe nje, upande wenye picha. Nimeona vijana wengi wanaokunja kinyume, kwa kuwa mkono unataka kufuata bonde. Kunja ukiacha bonde nje. Jaribu leo na vile vipande ulivyotupa. Huenda ukakuta robo ya tatizo lako imekwisha bila kugusa mashine.

Upana wa mfereji una hesabu yake: unene wa kartoni mara moja na nusu, ongeza unene wa utepe wa kukunjia. Utepe wa kawaida una milimita 0.71. Kwa kartoni ya 0.4 unapata 0.6 na 0.71, ambayo ni kama 1.3. Kina cha mfereji ni unene wa kartoni yenyewe. Mfereji ukiwa mpana mno, mkunjo unayumba na kisanduku kinakuwa pacha wa mkate uliolala. Ukiwa mwembamba, unarudi kwenye kupasuka. Huna haja ya kuuchonga katika chuma. Chukua kartoni ngumu yenye unene ule wa 0.4, igundishe juu ya bamba la chini, funga mashine polepole ili utepe uache alama, kisha kwa wembe na rula toa ukanda wa milimita 1.3 katikati ya alama. Ikichakaa, ibandue, ugundishe nyingine. Emprimeri kubwa hununua mifereji ya plastiki iliyo tayari, lakini sisi wa zamani tulifanya kwa kartoni na kazi ilitoka.

Umepima? Bado kuna nyuzi.

Karatasi ina mwelekeo kama ubao wa mti ulivyo na mwelekeo, na hilo nalo lilitokana na mashine. Zamani karatasi ilichotwa na mkono, ukurasa mmoja mmoja katika chekeche, na nyuzi zilikaa ovyo. Mwaka 1799 Mfaransa Louis-Nicolas Robert, aliyekuwa akifanya kazi katika kinu cha karatasi cha Essonnes, alipata hati ya uvumbuzi ya mashine yenye wavu usio na mwisho: uji wa karatasi unamwagwa juu ya wavu unaokwenda, maji yanachuruzika, karatasi inatoka ndefu kama barabara. Fundi Bryan Donkin aliikamilisha Uingereza na kuiwasha Frogmore mwaka 1803, kwa pesa za ndugu wawili wa ukoo wa Fourdrinier. Wale ndugu waliishia kufilisika, na mashine ikabaki na jina lao hadi leo. Dunia ina mizaha yake. Kwa kuwa wavu unakwenda mbele, nyuzi nyingi hulala kufuata mwendo. Ndiyo sababu gazeti linachanika moja kwa moja upande mmoja na kwa mchongomchongo upande mwingine.

Ukikunja sambamba na nyuzi, mkunjo unakubali. Ukikunja kwa kuzikatiza, unazivunja, na pale ndipo panapoonyesha nyufa. Kujua mwelekeo ni rahisi: kata kipande kidogo, lowesha upande mmoja, ukitazame kikijikunja. Kitajiviringisha kama bomba, na bomba hilo linalala kufuata nyuzi. Lakini sasa ngoja, maana hapa hakuna raha bila adha. Kisanduku kina mikunjo ya pande mbili, mirefu na mifupi, kwa hiyo mmoja lazima ukatize nyuzi. Desturi ya wenye kazi ni nyuzi kuzunguka kisanduku, ili kuta zake zisivimbe tumbo kitu kikiwa ndani. Maana yake mikunjo minne mirefu ndiyo inayokatiza, na ndiyo maana inahitaji utepe na mfereji sahihi. Kwa sabuni, kitu kigumu ambacho hakisukumi kuta, mimi ningegeuza: nyuzi zifuate mikunjo mirefu. Unapoteza ugumu kidogo, unapata mikunjo safi machoni pa mnunuzi. Wengine watabisha. Acha wabishe.

Na usisahau hali ya hewa yetu. Mwaka mmoja, katika emprimeri niliyofanyia kazi, tulipiga vifuniko vya majani ya chai mwezi wa Julai, kiangazi kimekaza, kartoni imekauka tangu wiki mbili karibu na dirisha. Nilikuwa nimepima kila kitu. Vyote vilipasuka mikunjo, na mimi ndiye niliyepeleka mzigo kwa mteja bila kukunja hata kimoja. Karatasi kavu ni ya kuvunjika kama mkate wa jana. Kuanzia Juni hadi Agosti weka rundo lako ndani, mbali na jua, lifunike kwa plastiki, na karibu na ndoo ya maji usiku kucha. Mvua zikirudi tatizo linageuka: kartoni inanywa unyevu, inapanuka, zaidi kwa kukatiza nyuzi kuliko kwa kuzifuata, na vipimo vya jana vinakataa.

Sasa kile kisu kinachoacha upande mmoja. Bamba zako mbili hazijalingana kabisa, na hazitalingana kamwe. Hata za viwandani hazilingani. Milimita 0.05 inatosha kukunyima mkato. Jeki kubwa itafanya nini? Itazamisha upande unaokata, ivunje makali yake, na labda mwishowe upande wa pili ukate mara kumi kabla na wenyewe haujafa. Dawa ni viraka. Piga kartoni moja kwa nguvu kidogo, itazame juani. Penye mkato, acha. Pasipo na mkato, gundisha ukanda wa karatasi nyembamba sana nyuma ya ubao, chini ya kisu kilekile. Piga tena. Ongeza pale penye uhitaji, ukanda juu ya ukanda, hadi mkato uwe sawa kote. Kazi hii ilikuwa inatuchukua saa nzima, wakati mwingine asubuhi yote, na kupiga kwenyewe kukachukua dakika ishirini. Mteja anaona ile dakika ishirini tu. Ndiyo maana emprimeri zinamtaka dada yako aagize kwa wingi. Si roho mbaya.

Kando ya kila kisu gundisha ukanda wa mpira au sponji ngumu, inayozidi kisu kwa kimo kidogo, ili isukume kartoni itoke baada ya pigo. Chembe ndogo za kuacha bila kukata, kama nusu milimita, zitengeneze kwa kutia pengo dogo katika makali kwa jiwe la kunolea. Zitakushikilia kisanduku kisianguke vipande njiani.

Visu vya msumeno vimekufundisha, sasa viache. Utepe wenyewe huuzwa kwa mita kwa wenye vifaa vya uchapaji. Waulize wafanyabiashara wanaopanda Kampala na Nairobi. Unaukunja kwa koleo, unausimamisha katika mstari uliokatwa kwa msumeno mwembamba ndani ya tripleksi. Fundi wa milango mwenye mkono mzuri ataukata ubao huo nusu siku.

Nije kwenye mashine yako yenyewe, na hapa nitasema jambo ambalo huenda likakuumiza baada ya kusude kote kule. Bamba na jeki ni njia ngumu. Pigo tambarare linataka nguvu ya visu vyote kwa mara moja: ongeza urefu wa visu mara mbili, unataka nguvu mara mbili. Mashine za kweli za namna hiyo zina goti la chuma linalonyooka mwishoni mwa mwendo, na goti likikaribia kunyooka nguvu inakuwa kubwa mno kwa mwendo mdogo. Kulitengeneza vizuri si kazi ya mwezi mmoja. Una njia mbili bora.

Ya kwanza ni ile ya Gair: tafuta kuukuu. Zunguka emprimeri za zamani mjini, uliza kama kuna mashine ya herufi za risasi iliyolala ikifukiwa na vumbi. Ile Heidelberg ndogo yenye mikono inayozunguka ilitengenezwa kwa miongo mingi hadi 1985 na imeenea dunia nzima. Herufi za risasi za mtindo wa Kifaransa zina kimo cha milimita 23.56, karibu na kisu chako cha 23.8, kwa hiyo mashine ya kuchapa inageuka ya kukata bila kubadilishwa mifupa. Ukiipata, ondoa viringisho vya wino kabla ya jambo lolote lingine. Tuliwahi kusahau. Visu vilivikata vyote kama sosiji, na hatukuwa na vingine.

Ya pili unaweza kuiunda mwenyewe, na ndiyo ninayokushauri: viringisho viwili vya chuma, mfano wa mashine ya kukamulia miwa. Ubao wenye visu unalala kwenye meza inayoteleza, kartoni juu yake, bamba lenye mifereji juu ya kartoni, na mkate huo wote unapita kati ya viringisho. Kwa wakati wowote nguvu inafanya kazi kwenye mstari mmoja tu, si uso mzima. Mkono wa mtu na gia moja ya kupunguza mwendo vinatosha. Ubao uulaze kimshazari kidogo, ili kisu kilicho sambamba na kiringisho kisiingie chote kwa mara moja. Kianze ncha, kama mkasi.

Adui wa mashine hii ni kiringisho kupinda katikati. Usitumie bomba, tumia shafti nzima, milimita 80 au zaidi, ikerezwe na fundi wa kukereza mpaka iwe sawa. Shafti ya unene mara mbili inakaza mara 16 zaidi dhidi ya kupinda, na ukipunguza urefu kwa nusu, faida nayo ni kubwa. Kwa hiyo iwe fupi na nene: sentimita 35 zinatosha kisanduku cha sabuni. Beringi za pande mbili zikae katika bolti za kurekebisha, kila upande peke yake, na alama za kuhesabu mizunguko.

Mota usifunge mwaka huu. Sababu ya kwanza unaijua, delestaji, umeme kukatwa kwa zamu. Ya pili ni vidole. Pale viringisho vinapokutana panameza. Kwa manivela, mpini wa kuzungusha kwa mkono, mkono wako mwingine unasimama wenyewe, kwa mota hausimami. Weka ubao wa kinga mbele, wenye mwanya wa kupita mkate tu na si kidole.

Hapo nimkumbuke mama mmoja, kwa kuwa umeuliza pia juu ya wizi wa wazo. Margaret Knight, aliyezaliwa Marekani mwaka 1838, alifanya kazi utotoni katika kiwanda cha pamba na kuona jinsi mitambo inavyojeruhi watu. Alipokua, akiwa katika kiwanda cha mifuko ya karatasi huko Springfield, Massachusetts, alibuni mashine ya kukata, kukunja na kugundisha mfuko wenye kitako bapa, ule unaosimama wenyewe mezani. Aliuunda mfano wake wa mbao kwanza, kisha akapeleka wa chuma utengenezwe Boston. Kule bwana mmoja, Charles Annan, akaja akautazama, akaenda kuomba hati kwa jina lake. Knight alikwenda kwenye kesi na michoro yake, daftari zake na mashahidi waliomwona akifanya kazi hatua kwa hatua. Akashinda, na mwaka 1871 hati ikatoka kwa jina lake.

Kwa hiyo nunua daftari, si karatasi za kuchanika. Chora, pima, tia tarehe, na atie sahihi mtu mwingine aliyeona. Ila usijidanganye kwamba daftari ni hati. Kwetu Kongo uvumbuzi unalindwa kwa kusajiliwa katika wizara ya viwanda, chini ya sheria namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982, na kitu kinachosajiliwa lazima kiwe kipya. Viringisho na visu si vipya. Kama utapata namna yako ya kufunga mkate au ya kulisha kartoni, hilo litazungumzika. Kwa sasa mwizi wako mkubwa ni kisanduku kinachopasuka.

Machache ya mwisho. Makartoni ya soko yenye mawimbi ndani, usiyapige kwa vipimo nilivyokupa. Hayo yana unene wa milimita tatu au nne na mikunjo yake ina desturi nyingine. Kartoni iliyotengenezwa kwa magazeti ya zamani usiitumie kugusa chakula, kwa sababu mafuta ya wino hupita. Kwa sabuni iliyofungwa karatasi yake ndani, sawa. Gundi unaweza kuipika kwa wanga wa muhogo. Unga wa bugali haufai: chukua ule mweupe unaotuama chini ukikamua muhogo mbichi ndani ya maji. Pika uwe mzito kama uji wa mtoto, utumie siku hiyohiyo. Na soko lipo: tangu mwisho wa 2017 serikali imepiga marufuku sashe za plastiki, ingawa ukisimama pale zinapoingia mto Ruzizi na kuziba mitambo ya umeme utadhani hakuna aliyesikia.

Basi anza hivi. Kabla ya kugusa shafti, tengeneza ubao mdogo wenye mkunjo mmoja tu, utepe wa 23.4, na mifereji mitatu kando kwa kando: 1.1, 1.3 na 1.5. Piga kila mmoja kwa kufuata nyuzi na kwa kuzikatiza, ukunje bonde likiwa nje. Vipande sita. Viandike nyuma, uviweke kwenye bahasha, uniletee. Picha ya simu haitoshi, mkunjo nautazama kwa ukucha.